Faili moja, misimbo mitatu: kisa cha kisukari kilichopewa jina kabla ya kuthibitishwa

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 52. Ana pumu tangu utotoni na shinikizo la damu kwa miaka tisa, na siku hiyo alikuja kuongezewa dawa tu. Faili lake la miezi minne lina karatasi tatu. Ya kwanza, ya siku ya pili baada ya kubanwa na pumu, imeandikwa "sukari juu, ?kisukari", na chini yake msimbo E11.9, namba ya kimataifa ya kisukari aina ya pili bila madhara. Ya pili, ya wiki mbili baadaye, imeandikwa "kisukari, alichomwa insulini", msimbo E10.9, wa aina ya kwanza. Ya tatu inasema "kisukari hakijadhibitiwa, aanze metformini" (vidonge vya kushusha sukari), na msimbo umerudi kuwa E11.9. Hakuna kati ya walioandika aliyedanganya. Kila mmoja aliegemea neno la aliyemtangulia.

Aliyesimamisha mambo ni ofisa wa kumbukumbu. Alipeleka faili kwa daktari na kuuliza: huyu niweke aina ya kwanza au ya pili? Daktari alipoanza kusoma kutoka mwanzo, akakuta swali lililotangulia hilo bado halijajibiwa: je, mama huyu ana kisukari?

Kisa hiki nimekiunga kwa ajili ya kufundishia, kutokana na mambo yanayokutwa mara nyingi kwenye mafaili. Si cha mtu mmoja. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha jambo ninaloliamini kabisa: mweka misimbo hawezi kuwa sahihi kuliko sentensi aliyopewa. Kitabu cha misimbo hakina jibu ambalo daktari hakuliandika.

Karatasi ya kwanza

Siku ile ya pumu alipewa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 40 kila asubuhi kwa siku tano. Siku ya pili alirudi jioni kuangaliwa kifua, akapimwa sukari kwa tone la damu ya kidole. Mashine ikasoma 16.8 mmol/L, yaani kama miligramu 302 kwa desilita. Akachomwa yuniti sita za insulini ya haraka, sukari ikashuka hadi 11.9, akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Kiwango cha sukari ya wakati wowote kinachohesabika kuwa kisukari ni 11.1 mmol/L au zaidi, na 16.8 imekipita mbali. Lakini sharti lake mara nyingi husahaulika: kipimo hicho kimoja kinatosha pale tu mgonjwa anapokuwa na dalili za wazi, yaani kiu isiyokatika, kukojoa mno, kupungua uzito bila sababu. Kwenye karatasi hii hakuna mstari hata mmoja kuhusu dalili. Haikuandikwa kwamba anazo, wala kwamba hana. Aliyesoma baadaye hakuwa na njia ya kujua kama hakuulizwa au aliulizwa akakana.

Halafu kuna saa. Kipimo kilichukuliwa saa kumi na moja jioni, kwa mtu aliyemeza prednisoloni asubuhi. Ndiyo saa ambayo dawa hii hupandisha sukari kuliko wakati mwingine wowote. Ya alfajiri inaweza kuwa ya kawaida kabisa kwa mtu yuleyule. Ongeza hapo kwamba mwili uliobanwa na ugonjwa mkali hupandisha sukari wenyewe, kwa homoni za msongo. Na kipimo cha kidole kimewekwa kwa ajili ya kufuatilia. Kwa uthibitisho inatakiwa plazima ya damu ya mshipa iliyopimwa maabara.

Kwa hiyo siku ile ukweli ulikuwa ni sukari iliyopanda mgonjwa akiwa kwenye steroidi, sababu haijabainika. Hilo lina msimbo wake halali, R73.9, na tukio la dawa nalo lina wake: Y42.0 kwa toleo la Shirika la Afya Duniani la ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, na T38.0X5A kwa toleo la Marekani, ambalo lina tarakimu nyingi zaidi. Alama ya kuuliza iliyowekwa mbele ya neno "kisukari" ilikuwa ya uaminifu. Daktari alionyesha shaka yake. Ila alama hiyo haikuvuka hadi kwenye msimbo. E11.9 haina alama ya kuuliza.

Mwongozo wa Marekani kwa wagonjwa wa nje uko wazi hapa: uchunguzi ulioandikwa "huenda", "inashukiwa" au "kuondoa uwezekano wa" hauwekewi msimbo wa ugonjwa wenyewe. Unaweka msimbo wa dalili au matokeo uliyonayo mkononi. Kwa waliolazwa kanuni yao ni tofauti: utambuzi ambao bado una shaka siku ya kuruhusiwa unaweza kuwekewa msimbo kana kwamba upo. Naona wengi wanachanganya hizi mbili, na mgonjwa wa nje anatoka na ugonjwa wa kudumu kwa sababu ya neno "huenda".

Karatasi ya pili

Hii haihitaji maneno mengi. Aliyeandika aliona kwamba mgonjwa alichomwa insulini, mweka misimbo akaenda E10. Mtego huu una historia: ICD-10 ilipotoka, E10 iliitwa kisukari kinachotegemea insulini na E11 kisichotegemea insulini. Majina hayo yamebaki vichwani mwa watu hata baada ya uainishaji wenyewe kuachana nayo. Aina ya kwanza ni ugonjwa wa kinga ya mwili kuharibu chembe za kongosho zinazotoa insulini. Mtu wa aina ya pili anaweza kutumia insulini miaka ishirini akabaki wa aina ya pili, na msimbo wake ni E11, pamoja na Z79.4 kwa toleo la Marekani kuonyesha matumizi ya muda mrefu. Insulini ya siku moja ya kushusha sukari iliyopanda ghafla haistahili hata hiyo Z79.4.

Karatasi ya tatu

"Kisukari hakijadhibitiwa." Hakijadhibitiwa vipi? Sukari iko juu mno au inashuka mno? Kwa toleo la Marekani neno hilo peke yake halitoshi; lazima iandikwe kama ni sukari kupanda, ambayo kwa aina ya pili ni E11.65, au sukari kushuka, ambayo ni E11.649 kama hakuna kupoteza fahamu. Hapa mweka misimbo hakuuliza, akarudi kwenye E11.9.

Na kipimo kilichomfanya daktari huyo aanzishe metformini kilikuwa kipi? Nimekitafuta kwenye karatasi nzima, hakipo. Imeandikwa "kama ilivyo kwenye faili". Kilichokuwa kwenye faili ni ile 16.8 ya jioni ya prednisoloni, basi.

Kuanza upya

Daktari wa sasa alifanya jambo ambalo kwenye kliniki yenye msururu ni gumu: alimwambia mgonjwa kwamba jina la ugonjwa alilopewa bado halijathibitishwa, na kwamba atapimwa upya. Akamuuliza dalili. Mama akasema amekuwa akiamka usiku mara mbili kukojoa kwa karibu mwaka mzima, akidhani ni vidonge vya shinikizo. Uzito haujapungua. Kiu si ya ajabu. Mama yake mzazi alikuwa na kisukari ukubwani. Uwiano wa uzito na urefu wake ni 31. Shinikizo siku hiyo lilikuwa 148/90.

Vipimo vya kwanza vilivyorudi: HbA1c asilimia 6.6, sukari ya kufunga 6.8 mmol/L, hemoglobini 9.1, chembe nyekundu ndogo zenye ukubwa wa 68, feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini) 6. Kasi ya figo kuchuja ilikadiriwa 52. Albumini kwenye mkojo, ikilinganishwa na kreatinini, ilikuwa miligramu 11 kwa milimoli.

Mtu mwenye haraka angefunga faili hapa. HbA1c ya 6.5 au zaidi ni kisukari. Kiwango hicho Shirika la Afya Duniani lilikikubali mwaka 2011. Hapa ni 6.6, kimevuka. Tatizo ni hemoglobini, ambayo iko chini. HbA1c hupima sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu katika maisha yake ya takriban siku 120, kwa hiyo chochote kinachobadilisha umri wa chembe kinabadilisha namba bila sukari kubadilika. Upungufu wa madini ya chuma huipandisha. Ukianza kutibiwa kwa vidonge vya chuma, chembe changa zinaingia kwa wingi na namba inashuka, hata kama sukari haijaguswa. Kuvuja au kuvunjika kwa damu, kuongezewa damu, selimundu, ujauzito, kusafishwa figo, vyote vina namna ya kuivuruga. Kwa mama huyu mwenye feritini ya 6, ile 6.6 haiwezi kumthibitishia kisukari wala kumwondolea. Chanzo cha upungufu wenyewe, hedhi nzito za miaka kadhaa, kilipelekwa kwa daktari wa wanawake, na sitakifuata zaidi hapa.

Inabaki sukari ya kufunga, 6.8. Kiwango cha kisukari ni 7.0. Chini ya hapo, kuanzia 6.1 kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani na 5.6 kwa vile vya Chama cha Kisukari cha Marekani, ni sukari iliyopanda lakini haijafika. Kwa hesabu hiyo mama huyu ana hatari ya kisukari, hana kisukari. Isipokuwa mambo mawili. La kwanza, alikuwa anameza metformini, na metformini hushusha hasa sukari ya alfajiri. La pili lilionekana kwenye karatasi ya maabara, na ndilo linalonifanya nisisitize kwamba karatasi ya maabara isomwe yote, siyo namba tu.

Damu ilichukuliwa saa 2:10 asubuhi. Maabara iliipokea saa 5:25. Saa tatu na robo bomba lilikuwa limekaa mahali, halijazungushwa kutenganisha plazima, na chembe za damu zilizo ndani ziliendelea kula sukari. Kwa joto la kawaida la chumba, sukari kwenye bomba ambalo halijatenganishwa hushuka kwa karibu asilimia 5 hadi 7 kila saa. Bomba lenye floridi husaidia, lakini floridi yenyewe haizuii papo hapo. Saa ya kwanza na ya pili sukari bado inaliwa. Kwa hiyo 6.8 iliyosomwa saa tano na nusu inaweza kabisa kuwa ilikuwa zaidi ya 7.0 ilipotoka mkononi. Hakuna anayeweza kuirudisha namba hiyo kwa hesabu. Kilichobaki ni kupima tena vizuri.

Siku hiyo daktari aliandika hivi: "Sukari iliyopanda, inachunguzwa. Aina na uthibitisho bado. Vipimo vilivyopo havitegemeki kwa sababu ya upungufu wa chuma, metformini, na sampuli iliyochelewa. Metformini isitishwe kwa makubaliano na mgonjwa hadi kipimo cha kunywa glukosi. Arudi mara moja akipata kiu kali, kutapika au kupungua uzito." Msimbo wa siku hiyo ukawa R73.9. Wapo watakaoona kwamba huku ni kurudi nyuma. Mimi naona ndiyo karatasi ya kwanza katika faili hilo inayosema kile kinachojulikana na kisichojulikana, kila kimoja mahali pake.

Uthibitisho

Wiki tatu baadaye alikuja amefunga, bila metformini, miezi mitano tangu prednisoloni ya mwisho. Alikunywa gramu 75 za glukosi. Damu ilichukuliwa kwenye mshipa, bomba likawekwa kwenye barafu na kutenganishwa ndani ya nusu saa. Sukari ya kufunga ikawa 7.3, ya saa mbili baada ya kunywa, 12.8. Kiwango cha saa mbili ni 11.1.

Kwa asiye na dalili za wazi, matokeo mawili yaliyovuka kiwango yanatakiwa, na vigezo vya Marekani vinaruhusu yatoke siku moja endapo ni ya vipimo viwili tofauti. Ya kufunga na ya saa mbili ni vipimo viwili. Hapo utambuzi umesimama kwa miguu yake, bila HbA1c, bila ile 16.8.

Sasa aina. Steroidi iliondolewa miezi mitano na sukari bado iko juu, hivyo kisukari kilicholetwa na dawa, ambacho toleo la Marekani linakiweka E09, kinaondoka. Hakuna ketoni (asidi ambazo mwili hutoa unapokosa insulini), uzito haukupungua, umri na ukoo vinaelekea aina ya pili. Kingamwili za kongosho hazikupimwa, na nakubaliana na uamuzi huo. Ningezitaka kama angekuwa mwembamba, au sukari ingekuwa inapanda haraka licha ya vidonge, au ana ugonjwa mwingine wa kinga kama wa tezi ya shingo. Baadhi ya watu wa namna hiyo huishi miaka na jina la aina ya pili huku ugonjwa wao ukiwa wa aina ya kwanza unaokuja polepole. Na kama angekuwa amepungua uzito kwa kasi katika umri huu, kongosho lingetazamwa kwa picha kabla ya kuandika aina yoyote, maana saratani ya kongosho wakati mwingine hujitokeza kwanza kama kisukari kipya.

Daktari aliandika "kisukari aina ya pili". Maneno manne. Asingeandika aina, mwongozo wa Marekani ungemwelekeza mweka misimbo aweke E11 kwa kukosa maelezo, na matokeo yangefanana. Lakini E11 iliyotokana na ukimya na E11 iliyotokana na uamuzi hazifanani kwa daktari atakayempokea mgonjwa huyu siku akiletwa na ketoni.

Macho na figo ndivyo vilivyoeleza zaidi

Kwa aina ya pili macho hupimwa wakati wa utambuzi, hayasubiri. Kwa aina ya kwanza kuna nafasi ya miaka mitano kwa sababu siku ugonjwa ulipoanza hujulikana. Kwa aina ya pili hakuna anayeijua siku hiyo. Uchunguzi wa UKPDS wa Uingereza kuhusu kisukari aina ya pili, uliotoa matokeo yake makuu mwaka 1998, ulikuta madhara ya macho kwa zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wake waliokuwa wamegunduliwa karibuni tu.

Ripoti ya daktari wa macho ilirudi: vivimbe vidogo vya mishipa kwenye retina za macho yote mawili, hatua ya awali, hakuna uvimbe kwenye makula, yaani sehemu ya katikati ya retina. Hapa kisa kinageuka. Siku tano za prednisoloni haziwezi kutengeneza retina ya namna hiyo. Sukari ilikuwa juu kwa miaka, na pumu ndiyo iliyoleta siku ya kupimwa. Yule daktari wa kwanza aliyeweka alama ya kuuliza alikuwa ameona kitu cha kweli kwa kipimo kisichotosha.

Hilo halihalalishi E11.9 ya siku ile. Nalisema kwa sababu nimesikia hoja hiyo: "si ameonekana anacho, tulikuwa sahihi." Msimbo huelezea kile kilichojulikana siku ile kwa ushahidi wa siku ile. Mgonjwa mwingine mwenye 16.8 ileile jioni ya prednisoloni angerudi kuwa 5.2 wiki mbili baadaye, na angebaki na ugonjwa wa kudumu kwenye faili, vidonge visivyomhusu, na maswali kila anapojaza fomu ya bima.

Figo. Ugonjwa sugu wa figo hauandikwi kwa kipimo cha siku moja. Unahitaji miezi mitatu ya kuchuja chini ya 60 au ya dalili nyingine ya figo kuumia, kama albumini kwenye mkojo. Kwenye faili la zamani, la kliniki ya shinikizo, kulikuwa na kreatinini ya miaka miwili nyuma ambayo hakuna aliyeigeuza kuwa kasi ya kuchuja. Daktari aliikokotoa: 57. Ya sasa 52. Usugu ulikuwa umeshathibitika muda mrefu, umelala ndani ya faili bila jina. Albumini ilirudiwa miezi mitatu baada ya ile ya kwanza, ikawa 9. Kiwango cha kuanza kuhesabika ni 3 kwa milimoli. Kwa hiyo hatua 3a, na albumini ya daraja la pili.

Figo hizi zimeumizwa na nini, sukari au shinikizo? Hapa matoleo ya misimbo yanatofautiana namna ya kufikiri. Mwongozo wa Marekani unamruhusu mweka misimbo achukulie kwamba kisukari na ugonjwa sugu wa figo vinahusiana mpaka daktari aandike kwamba havihusiani, na vivyo hivyo shinikizo na figo. Hivyo kwa mama huyu inakuwa E11.22 (kisukari na figo), I12.9 (shinikizo na figo) na N18.31 (figo hatua 3a), zote pamoja. Kwa anayetumia toleo la Shirika la Afya Duniani, salama ni daktari auandike uhusiano huo mwenyewe. Naye aliuandika: "ugonjwa sugu wa figo hatua 3a, unaotokana na kisukari pamoja na shinikizo, uwepo wa retinopathi unaunga mkono mchango wa kisukari." Sentensi moja, na mweka misimbo hakubahatisha kitu.

Miguu ilipimwa kwa uzi wa gramu 10: anahisi kote, mapigo ya mishipa yapo, hakuna kidonda. Imeandikwa. Kutokuwepo kwa dhara kunastahili wino sawa na kuwepo kwake, la sivyo mwaka kesho hakuna atakayejua kama ganzi aliyonayo ni mpya.

Misimbo ya mwisho

Kwa toleo la Marekani kisa kinakwenda na E11.22, N18.31, I12.9, kisha E11.3293, ambamo tarakimu ya mwisho inasema macho yote mawili, na Z79.84 kwa vidonge vya sukari vya muda mrefu. Misimbo ya kisukari huwekwa mingi kadiri madhara yalivyo. Kwa toleo la Shirika la Afya Duniani tarakimu ya nne ndiyo inayobeba dhara: .2 figo, .3 macho, .4 neva, .5 mishipa ya pembeni, na .7 madhara zaidi ya moja. Mama huyu ni E11.7 anapotakiwa msimbo mmoja, na N18.3 pembeni. ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, inampa 5A11 kisha inaunganisha macho na figo kwa mkwaju, kila dhara likibaki na jina lake ndani ya fungu moja. Kwa maoni yangu hilo ni bora kuliko .7, ambayo inajua madhara ni mengi na haisemi ni yapi.

Linganisha na E11.9 aliyoanza nayo. Ile 9 ya mwisho husomwa "bila madhara". Kwenye kliniki nyingi huwekwa kwa maana ya "sijaangalia", kwa kuwa ndiyo inayojitokeza ya kwanza unapoandika neno kisukari kwenye kompyuta. Mfumo unaoita watu kwa ajili ya macho, au unaomwonya mtoa dawa kuhusu figo, unasoma "bila madhara" na kuamini. Mama huyu angeweza kupewa dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki kwa mwaka mzima, na hakuna taa ambayo ingewaka. Kwa figo ya 52 metformini bado inafaa kwa uangalizi. Ikishuka chini ya 45 kipimo chake hupitiwa upya, na chini ya 30 huachwa. Anayeandika cheti cha dawa hawezi kulikumbuka hilo kama faili limemwambia figo ni nzima.

Ingizo la daktari, kama lilivyobaki kwenye faili, ni hili:

"Kisukari aina ya pili, kimethibitishwa kwa kipimo cha glukosi gramu 75, plazima ya mshipa: kufunga 7.3, saa mbili 12.8, bila steroidi wala metformini. Madhara: retinopathi ya awali macho yote mawili bila uvimbe wa makula, ugonjwa sugu wa figo hatua 3a wenye albumini, unaotokana na kisukari na shinikizo. Miguu salama. HbA1c isitumike kufuatilia hadi hemoglobini itengemae. Tumia sukari za nyumbani. Metformini irudishwe. Kizuizi cha ACE kimeanzishwa kwa shinikizo na albumini. Potasiamu na kreatinini baada ya wiki mbili."

Ukilisoma utaona halina urembo. Kuna ugonjwa, aina, ushahidi, madhara na chanzo chake, kilichotazamwa kikakutwa salama, na tiba. Nimeona maingizo ya kurasa mbili yasiyo na nusu ya hayo.

Yalibaki mawili. La kwanza ni misimbo ya zamani. Haikufutwa, mafaili hayafutwi. Kwenye orodha ya matatizo E10.9 ilifungwa kwa maelezo kwamba iliwekwa kutokana na insulini ya siku moja, na tarehe ya utambuzi ikaandikwa ni siku ya kipimo cha glukosi, siyo siku ya pumu. Mgonjwa alionyeshwa marekebisho hayo na kupewa nakala, kwa sababu atakwenda kwingine na karatasi mkononi na si busara kuamini kwamba kompyuta zitasalimiana.

La pili ni pumu yenyewe. Itambana tena, na prednisoloni atapewa tena kwa sababu inaokoa maisha. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa mbele wa faili, pale mhudumu wa dharura anapotazama kwanza, daktari aliandika: "Akipewa steroidi: sukari ipimwe mchana na jioni, isiwe ya alfajiri peke yake. Ketoni zipimwe kama sukari imepita 15 na anatapika. Steroidi isinyimwe kwa sababu ya kisukari."